Duarte, Somo wa Babu Yake

Husby, Jumamosi, Novemba 1986

Theluji ya kwanza imeanguka. Saa tisa mchana, na huku kwa Waswidi taa tumeshawasha. Kesho mwanangu anabatizwa, na jina bado linatugombanisha.

Na ni mtoto wa kuonyesha watu! Mashavu yamejaa, sauti kama spika. Hospitalini wauguzi walikuja kumtazama kwa zamu, sisemi uongo.

Mimi nilishaamua aitwe Duarte, kama baba mkwe. Nikatuma salamu Mtwara kabla hata ya kumuuliza mume wangu, na mzee akaleta kitenge cha kumbebea somo yake. Kwetu ukishapokea zawadi ya somo, jina limekaa. Nami nimeshambeba mtoto nacho. Nitakirudishaje?

Mume wangu hataki. Amekulia Msumbiji, enzi za Wareno, kabla wazazi wake hawajahamia Mtwara.

"Jina hilo baba alipewa na padri wao," aliniambia. "Msimamizi wa shamba la pamba alikolimishwa akawa analiita kwa kelele kutwa. Leo niliite kwa kelele mimi, humu ndani?"

Nikaendelea kubishana, kama kawaida yangu.

Leo kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, huko chini, nikamweleza jirani yetu Mreno, kwa Kiswidi chetu cha kuungaunga. Akacheka. Kumbe Duarte ni Edvard hawa hawa wa hapa! Zamani sana binti wa Kiingereza aliolewa na mfalme wa Ureno, akampa mwanawe jina la babu yake mwenyewe, Edward. Ndimi za Wareno zikalifanya Duarte, na mtoto akaja kuwa mfalme.

Mama ugenini, na jina la babu. Kama mimi!

Nikapanda ngazi mbio na nguo mbichi mkononi, nikamwambia mume wangu.

"Malkia wako hakulima pamba," akasema, akaendelea kupiga pasi gauni la ubatizo.

Kweli hakulima.

Lakini baadaye nikamsikia chumbani akimbadilisha mtoto nepi: "Baba, tulia. Baba, nipe huo mguu."

Kwao mwanamume humwita hivyo mwanawe aliyebeba jina la babu. Au ni kubembeleza tu, kama watu wote? Sikuthubutu kuuliza.

Kesho padri atauliza mtoto anaitwa nani. Nilipanga niwahi kujibu. Sasa nimeamua: nitambeba kwa kitenge cha babu, ninyamaze, baba yake ajibu.

Mungu nisaidie. Mdomo huu haujazoea.