Swali la Saba

Makambako, 4 Agosti 2025

Baba Ema,

Kamwene. Mimi na mwanao tuko wazima, ila baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka, na Ema ana kikohozi kinachokuja jioni na kuondoka asubuhi. Mama yako hajambo, anakusalimu. Wewe je, mgongo umepoa? Hao wazee unaowanyanyua kazini bado ni wazito vilevile?

Nakuandikia kama tulivyokubaliana Jumapili, maana simu zetu siku hizi zinaishia kwenye ugomvi na mtoto anasikia. Kwenye maandishi huwezi kunikatiza. Basi nisome mpaka mwisho.

Ulisema cheti cha polisi cha maombi yetu ya viza ni kazi ya siku mbili. Baba Ema, nimekwenda Njombe mara tatu. Mara ya kwanza nilirudishwa kwa kukosa barua ya mtaa. Mwenyekiti wetu alikuwa msibani Iwawa, akakaa huko siku tano, na muhuri alikwenda nao mfukoni. Mara ya pili barua ninayo, mtandao haupo. "Mama, rudi kesho." Kesho, kama vile mimi naishi nyuma ya kituo! Mara ya tatu mtandao upo, barua ipo, picha zipo, nikapakwa wino. Askari mmoja dada, mpole kweli, akanishika kidole kimoja kimoja akavikandamiza kwenye karatasi. Akaangalia. Akarudia. Akamwita mwenzake.

"We mama, unafanya kazi gani?"

"Napukuchua mahindi, ghalani Makambako."

"Kwa mkono?"

"Mashine ikiharibika, kwa mkono. Na huwa imeharibika."

"Vidole vyako vimefutika. Hapa ni kama nimegonga vijiko."

Wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Nimeambiwa nikae wiki tatu bila kugusa gunzi, nipake mafuta, ndipo nirudi. Nilipomwambia msimamizi wetu, Nelly, akaniangalia kama mtu aliyeombwa likizo ya uzazi na mwanamume.

Halafu nitumie hizo fomu ulizonijazia, nizisome kabla sijasaini. Zote.

Mkeo,
Mama Ema

*

Minnesota, 9 Agosti 2025

Mama Ema,

Kamwene. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe mtoto maji ya moto na asali, usimpe kila dawa ya dukani. Mimi mzima. Mgongo ndiyo hivyo, wiki hii nimeunganisha zamu.

Pole kwa vidole. Lakini naomba tusiende mwendo wa kinyonga. Mke wa Justine, yule jirani yangu wa Mafinga, alipata cheti ndani ya wiki mbili, na sasa yuko hapa anampikia mumewe ugali. Mimi nanusa tu ukutani. Miaka minne tangu nipeleke maombi yenu, leo ndipo wameita nyaraka, na wewe unaniambia habari za magunzi!

Fomu hizo hapo. Nimejaza kila kitu, kwako ni saini tu. Swali la saba nimeshaweka Hapana, usiliguse.

Mumeo,
Baba Ema

*

Makambako, 30 Agosti 2025

Baba Ema,

Kamwene. Kikohozi cha Ema kimeisha, kimebaki kelele. Asali aliipenda, sasa anakohoa makusudi. Mimi sina ugonjwa, nina uchovu tu.

Vidole vimekubali juzi. Wiki tatu nimelala na mafuta mikononi, nimevaa soksi zako za zamani kama glavu, nyumba nzima inanuka kama kikaango. Yule askari dada alipoona mistari imetokea akapiga makofi. Sasa karatasi zimekwenda Dar, tunasubiri.

Tuje kwenye swali la saba. Nilimpelekea mwalimu mmoja hapa jirani anitafsirie neno kwa neno. Linauliza hivi: umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, mahali popote? Na wewe umeniwekea Hapana.

Silvanus. Leo nakuita kwa jina.

Nikukumbushe, labda theluji ya huko imefunika. Oktoba 2018, shamba la ulezi la mama yako kijijini. Ulikuwa na siku tisa tu kabla ya usaili wako wa viza. Kwetu mtu akitaka kuchoma shamba anaita majirani, wanalima kinga ya moto pembeni, wanasubiri upepo ulale, kila mmoja na tawi bichi mkononi. Wewe hukuita mtu. Ulikuwa na haraka ya basi. Mimi nilikuja na chai nikakuta moto umeshavuka mpaka, unapanda kwenye mipaina ya Mzee Jofrey. Ekari tatu, miti ya miaka tisa. Ulikaa chini ukashika kichwa: "Konsolata, nimekwisha. Nikikamatwa leo, viza imekufa." Watu wakaja na matawi yao, wamechelewa. Mzee Jofrey akauliza nani kachoma. Ukanyamaza. Nikasema ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Hukuniomba, na hilo sijawahi kukudai. Lakini mahakama ilinitia hatiani. Miezi minne nilifagia uwanja wa zahanati kila asubuhi, wanawake wanapita na watoto mgongoni wananiita Mama Moto kabla sijawa mama wa mtu. Baba yangu akaacha kufundisha katekisimu mwaka mzima. "Nitawafundishaje watoto wa wenzangu amri kumi?" Mpaka leo hajui.

Kwa hiyo nilikamatwa, nikashtakiwa, nikahukumiwa, halafu niandike Hapana? Nilisema uongo mara moja, kwa ajili yako. Wa pili sitauweka juu yake.

Mkeo,
Mama Ema

*

Minnesota, 31 Agosti 2025

Mama Ema,

Salamu nitazileta siku nyingine. Ufute huo ujumbe wa jana. Mimi wangu nimeshaufuta.

Kesi ya mahakama ya mwanzo, miaka saba imepita. Hicho kitabu chenyewe huenda kimeliwa na panya. Nani atakwenda kukitafuta? Weka Hapana, mwakani tuwe pamoja. Najua nisingekuwa huku bila wewe, sijasahau hata siku moja. Lakini tukifungua hilo, na mimi nitaulizwa. Naweza kurudishwa. Hapo tumekosa wote, na Ema kakosa. Mfikirie mtoto.

Mumeo,
Baba Ema

*

Makambako, 22 Septemba 2025

Baba Ema,

Kamwene. Sisi wazima. Ema amepoteza jino la mbele kwa kuanguka kwenye magunia, usishtuke ukiona picha.

Panya hawakula. Cheti kimetoka, na kosa langu limeandikwa humo, mwaka na mahakama. Nikaelekezwa nikatafute nakala ya hukumu. Nikaenda mahakamani nikamkuta karani, mama mmoja wa miwani, akasema atanipigia. Hakunipigia. Nikaenda tena, yuko likizo. Nikaenda tena nikakaa kwenye benchi na Ema na kiporo cha viazi, nikamwambia, "Leo mama utanifungia humu ndani." Akapanda kiti, akashusha vitabu, vumbi likatufanya wote watatu tupige chafya.

"Haya, huyu hapa. Konsolata binti Yosefu, kuunguza miti ya mtu." Akasoma, akaniangalia juu ya miwani. "Mbona hapa umeulizwa mara tatu ulichomaje, na mara tatu umejibu nilichoma tu? Hata hukujua kiberiti kilitoka wapi?"

Nikamwambia nilikuwa mdogo.

"Mdogo, au ulikuwa unapenda mtu?"

Baba Ema, mtu asiyenijua ameona kwa kusoma ukurasa mmoja. Kijiji kizima hakikuona, au kilikataa kuona.

Basi nisikilize. Mimi swali la saba najaza Ndiyo. Utake usitake, najaza Ndiyo. Ila sitaki kuja kulala kwako nikiwa bado ni mimi niliyechoma. Andika ilivyokuwa, kwa mkono wako. Anza na Mzee Jofrey, maana miti ilikuwa yake. Kisha nipe nakala niiambatanishe. Sijakukasirikia. Kama ningekukasirikia ningekuwa nimekwisha kumwambia mama yako, na unamjua.

Nakupenda, lakini nimechoka kukubebea.

Mkeo,
Mama Ema

*

Makambako, 14 Oktoba 2025

Baba Ema,

Kamwene. Sisi wazima.

Tiki mbili za bluu zipo tangu siku ile ile, kwa hiyo umesoma. Ema ameuliza kama simu ya baba imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, baba anafikiri.

"Anafikiri nini siku zote hizo?"

Nikasema nitakuuliza. Ndiyo nakuuliza.

Mama Ema

*

Minnesota, 2 Novemba 2025

Konsolata, mke wangu,

Kamwene. Natumaini mko wazima. Naona aibu hata kuuliza.

Nilikuwa nakaa kitandani naandika, nafuta. Wiki iliyopita nikaenda kwa mwanasheria mmoja, mama mtu mzima, anayesaidia wageni bure kanisani kila Jumamosi. Nikamweleza yote, ila nikasema ni habari ya rafiki yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na mke wa huyo rafiki yako anaitwa nani?" Nikataja jina lako na machozi yakanitoka pale pale, watu wameshika namba zao za foleni wananitazama.

Amesema kosa la moto wa shamba, likiwa na nakala ya hukumu na likaelezwa, si lazima limfungie mtu mlango. Uongo kwenye fomu ndio unaofunga, tena unaweza kufunga maisha. Kumbe miezi yote hii nilikuwa nakusukuma shimoni na huku nakwambia harakisha. Kuhusu mimi mwenyewe hakunipa ahadi yoyote. Nikamwambia tuandike hivyo hivyo.

Ni kurasa mbili, nimeapa na kusaini. Ninakutumia. Nakala ya Kiswahili nimempelekea Mzee Jofrey kwenye simu ya mjukuu wake, Jenifa. Sikujua nianzeje. Niliandika salamu ndefu, nikaulizia ng'ombe wake, nikaifuta yote. Nikaandika, "Mzee, moto ule niliwasha mimi, na msichana uliyempeleka mahakamani alikuwa amekuja na chai." Jibu sijapata. Naliogopa kuliko ubalozi.

Nisamehe. Si kwa moto. Kwa kunyamaza.

Mumeo,
Baba Ema

*

Makambako, 23 Novemba 2025

Baba Ema,

Kamwene, mume wangu. Mvua imeanza, matope mpaka kwenye kizingiti. Mimi na Ema tuko wazima. Mama yako hajambo ila hataki kuzungumza nawe mpaka Krismasi, ndivyo alivyoniagiza, maneno yake mwenyewe yalikuwa marefu kuliko hayo.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kwa baba. Tumetoka misa, nikamwona Mzee Jofrey anaingia uani na fimbo yake, nyuma yake Jenifa na simu. Hakunywa hata maji. Akasema, "Yosefu, kaa chini. Mtoto atasoma." Jenifa akasoma barua yako yote, sauti ya darasani kabisa, mpaka mahali pa chai.

Baba alitoa rozari yake mfukoni. Halafu akasema, "Miaka saba nasali rozari kwa dhambi ambayo mwanangu hakuitenda."

Mzee Jofrey akamjibu, "Haipotei, Yosefu. Ihamishie kwa mkweo."

Nikadhani tutacheka. Baba hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe ulimdanganya hakimu. Na mimi ukaniacha nione aibu mwaka mzima, ukinipakulia chakula kila siku." Ni kweli, Baba Ema. Niliona wema wangu upande mmoja tu. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Chakula cha jioni hakula. Asubuhi aliniita tuchambue maharage pamoja.

Mzee Jofrey nilimsindikiza mpaka njiani. Nikamuuliza kama anataka alipwe. Akasema fedha hataki, miti ile ameshaililia ikaisha. "Ekari tatu bado ni majani matupu. Namtaka yeye. Aje achimbe mashimo kwa mkono wake, apande. Na safari hii aite majirani."

Nyaraka nimetuma jana: cheti, hukumu, kurasa zako mbili. Kwenye swali la saba nimeweka Ndiyo, na chini yake nimeandika mistari sita, yule mwalimu jirani ametafsiri bila kuongeza neno. Nimeeleza na uongo wangu mbele ya hakimu, nao sikuuacha. Usiku nililala usingizi mzito mpaka Ema akanimwagia maji.

Sijui watajibu nini. Wakisema njoo, tutakuja. Wakikataa, njia inayotoka huko kuja huku ni ile ile uliyopita kwenda, na huku hakuna atakayekuuliza swali la saba, wote wanajua jibu. Mzee Jofrey ameshapanda mbegu kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki. Anasema miche itakuwa tayari kuhamishiwa shambani mvua za mwakani, Desemba, si baada ya hapo.

Kwa hiyo wakubali wakatae, wewe omba likizo mapema.

Mkeo,
Mama Ema