Vidonda vya Farasi Vyamponza Doto, Nami Nimenyamaza

Mpendwa mshauri, mayu Ernestina, yaani mama kama tunavyosema kwetu Usukumani, mwangaluka, habari za asubuhi. Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kwenye gazeti la Jumanne, kwa sababu Alhamisi tunaitwa kwa mtendaji wa kata na mimi ndiye shahidi.

Naitwa Mayunga, nina miaka arobaini na nane, kwetu ni Mwamapalala, nimekulia zizini, ng'ombe nawajua kuliko ninavyowajua ndugu zangu, ila sasa niko Bariadi mjini kwa mfanyabiashara mmoja, Mzee Tajudin, ambaye mwaka jana alinunua farasi jike wa kubeba mabwana harusi na kutangulia kwenye maandamano ya Maulidi, anaitwa Marjani, mpole hata watoto wanamshika pua. Kumtunza tuko wawili. Doto, mjane wa rafiki yangu, anashinda naye mchana, anamlisha, anampiga brashi na kufagia banda, mimi nampokea jioni na kumlinda hadi asubuhi, na sitaki kuficha, kazi hii ni Doto huyo huyo aliyeniombea kwa mzee wakati sina mbele wala nyuma.

Banda lake ni chumba chembamba nyuma ya duka kilichokuwa cha kuwekea mabati, sakafu ni saruji tupu, na wiki yangu ya kwanza kazini nilimkuta amelala chali miguu imekwama ukutani, anapiga mateke hewani, macho yametoka, tukamvuta mimi na majirani wawili mpaka akainuka, nikasema moyoni huyu akinifia mikononi nitaenda wapi. Siku chache baadaye nikamkuta amejinyoosha ubavu, shingo chini, miguu imenyooka, na wewe kama ni wa huku unajua, ng'ombe akilala hivyo tumbo limejaa hewa, humwachi, unamwinua haraka la sivyo ni nyama, basi nikamsokota mkia kama tunavyofanya, nusura aniue kwa teke, lakini aliinuka. Nilipomsimulia Doto akacheka akasema, "Shemeji, mwache alale, amechoka tu." Nikamwambia mwanamke hawezi kunifundisha mifugo, mimi baba yangu alikuwa na zizi la ng'ombe mia.

Kuanzia siku ile, mayu, kila jioni Doto akishaondoka namfunga Marjani kamba fupi kwenye boriti, kichwa juu, asiweze kulala, na asubuhi namfungua kabla Doto hajafika, na hili sijamwambia mtu, kwa sababu niliona ninamwokoa na sikutaka ubishi na mwanamke.

Sasa ni mwezi wa pili tangu nianze kumfunga, na farasi ametoka vidonda mbele, magotini na kwenye vifundo vilivyo juu ya kwato, vikipona kidogo vinachubuka tena. Mzee Tajudin akasema huyu anapigwa, na anayeshinda naye ni Doto, akamfukuza siku hiyo hiyo mbele ya wateja, na sasa amempeleka kwa mtendaji na anasema kutoka hapo ni polisi. Ameniita dukani akafunga mlango akaniambia, "Mayunga, wewe ni mtu mzima, watu watakuamini. Sema tu ulimwona ameshika fimbo. Ukikataa nitajuaje kama si wewe?" Mimi sijawahi kumwona Doto na fimbo. Jumapili Doto alikuja kwangu, hakukaa hata kwenye kiti, akasema, "Shemeji, sema ulichokiona tu. Sikuombi kingine." Akaondoka.

Na kuna jambo jingine linanisumbua, mara mbili tatu nimemwona Marjani anasinzia amesimama, kichwa kinaning'inia kwenye kamba, magoti yanalegea, anaanguka kwa magoti kwenye saruji, puu, halafu anashtuka na kusimama anatetemeka, nikadhani ni kifafa au kuna mtu kamchezea. Sidhani kama kamba inahusika, maana kamba iko shingoni na vidonda viko miguuni. Nifanyeje, mayu? Nikisema uongo Doto atapotea, nikisema sikuona kitu mzee atanigeukia mimi, na nina watoto wanaosoma. Nisaidie.

Mayunga, Bariadi.

Ernestina anajibu:

Mwangaluka nawe, Mayunga. Safu hii huletewa waume wakorofi na mawifi wenye midomo. Wewe umeniletea farasi, na nimemsoma mara tatu. Kisha nikampigia daktari wa mifugo ninayemwamini, Constantine, nikamsomea barua yako kuanzia mwanzo. Nilipofika kwenye kamba aliniambia, "Ishia hapo, dada. Mwambie aifungue leo."

Kwa hiyo kabla hujamaliza kunisoma, nenda ukaifungue. Nitakusubiri.

Sasa tuongee. Nimezaliwa Nyalikungu, nami nimemwinua ng'ombe wa baba yangu kwa mkia, kwa hiyo hofu yako naielewa. Ng'ombe akijinyoosha ubavu ni hatari kweli. Lakini Marjani si ng'ombe! Farasi husinzia amesimama, hilo ni sawa, ila usingizi wenyewe, ule unaompumzisha, haupati mpaka alale chini, mara nyingi ubavu kabisa, shingo chini na miguu imenyooka, vile vile ulivyomkuta. Kwa siku nzima hahitaji kulala hivyo kwa muda mrefu, pengine hata saa moja haifiki, lakini ukimnyima wiki baada ya wiki, usingizi unamkamata akiwa wima. Magoti yanalegea, anaanguka kwenye saruji. Ndiyo hiyo "puu" uliyoisikia. Hakuna kifafa wala mchawi. Kwani hapo mtaani hujawahi kumwona punda akigaagaa na kulala ubavu juani? Nani anamkimbilia kumsokota mkia?

Unasema kamba iko shingoni na vidonda viko miguuni. Mayunga, hapo ndipo ulipojificha. Ulimwona akianguka mbele ya macho yako, kwa kamba uliyoifunga kwa mkono wako, na bado ulimwacha mjane wa rafiki yako afukuzwe mbele ya wateja. Kutojua farasi si kosa. Wengi wetu huku hatuwajui. Kosa lilianza pale ulipoambiwa ukweli na mtu aliyemtazama mnyama kwa makini kuliko wewe, ukaukataa kwa sababu amevaa kanga. Na ile ya kumfungua asubuhi Doto asijue, unajua mwenyewe kwa nini ulifanya hivyo. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hiki ni cha Doto.

Kuhusu banda, hofu yako ya mara ya kwanza ilikuwa ya haki, ila dawa uliyochagua ndiyo mbaya. Farasi alikwama kwa sababu chumba ni chembamba. Mwombe tajiri wako abomoe ukuta wa kati au amhamishie kwenye chumba kipana, angalau hatua nne kila upande, ajigeuze bila kugusa ukuta. Juu ya saruji mwaga pumba za mpunga, mashineni zinatupwa, nene kiasi kwamba ukipiga goti husikii sakafu, na pembeni zirundike kando ya kuta zipande kama tuta, zimzuie asibingirike hadi ukutani. Kila asubuhi toa mavi na palipolowa. Misumari, kingo za bati, uwazi chini ya mlango unaoweza kumeza kwato, vyote viondolewe. Ndani asifungwe kabisa. Funga mlango, si shingo. Na atulie: farasi mwenye hofu halali chini, hata umtandikie godoro. Constantine anasema wengi hulala wakiwa na mwenzao karibu, basi mtafutieni hata punda wa kukaa naye jirani. Siku akikwama tena, usiingie kati ya miguu yake. Mvuteni kwa kamba kutoka upande wa mgongoni. Akiwa anajitupa, anatoka jasho, anajitazama ubavu na kukataa majani, hapo muite daktari mara moja. Na vidonda vile avione daktari wiki hii hii.

Sasa Alhamisi. Ushahidi wa fimbo usiutoe, hata ukifungiwa mlango mara kumi. Anayekuomba useme usichokiona leo, kesho atamwomba mwingine aseme juu yako. Lakini kusema tu "sikuona kitu" nako ni uongo, kwa sababu umeona, tena wewe peke yako. Nenda kwa Mzee Tajudin kabla ya kikao, chukua na gazeti hili, mwambie kuhusu kamba, mwambie aje aitazame saruji yenyewe, damu haifichiki. Constantine amekubali kuongea naye. Anaweza kukufukuza. Hilo sitakudanganya. Mtu aliyemfunga mnyama kwa kumpenda huenda akasamehewa. Aliyemsingizia mjane, huku kwetu, nani atampa hata mbuzi wa kuchunga?

Na Alhamisi useme kwa sauti, mbele ya mtendaji na wote watakaokuwepo, kwamba vidonda ni vya kamba yako, na kwamba arudishwe kazini.

Ila kwanza kabisa, leo, nenda kwake. Usiende na maelezo ya zizi la baba yako. Sema, "Shemeji, uliniambia nimwache alale. Sikukusikia." Kisha nyamaza, umwache yeye aseme atakalo.

Jioni ukirudi ukamkuta Marjani amejinyoosha ubavu kwenye pumba, mbavu zinapanda na kushuka taratibu, usimguse. Kaa mlangoni. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya.