Débat ya Katiba, na Maman Iko Ng'ambo

Jumatatu, 6 Novemba
Benchi ya nyuma na rafiki yangu Nadège, kama kawaida. Prof wa histoire ametugawa kwa débat ya Ijumaa: Ulaya iwe na katiba moja juu ya nchi zote, ao kila nchi ijitawale? Upande amechagua yeye. Mimi «pour», wa kuunga mukono, tena musemaji. Nadège «contre», wa kupinga. Mimi hata kujibu jina langu asubuhi, sauti haitoki.

Jumatano, 8 Novemba
Nimesoma makaratasi ya Prof. Ni ya Kifaransa; nayageuza Kiswahili kichwani ndiyo niyaamini. Kumbe Wafaransa wenyewe walipiga kura, wakaikataa katiba ile. Lakini kule mutu anaweza kwenda kula kwa dada yake nchi ingine, hakuna barrière ya mpaka, hakuna wa kumuuliza kitu. Nimerudilia pale tena na tena.
Tangu Maman aolewe Rwanda, ng'ambo ya muto Ruzizi, naishi kwa tantine, ndugu ya Maman, upande huu, hapa Cimpunda. Shuleni hakuna anayejua. Nadège naye hajui. Papa yake aliuawa kwa vita. Kwao jina la Rwanda halitamkwi mezani. Sina rafiki mwingine. Naogopa.

Ijumaa, 10 Novemba
Nilianza muzuri. Halafu Nadège akasimama:
«Tuache Ulaya. Weye, unaweza kubali sheria moja na bale ba ng'ambo?»
Darasa likapiga meza, likaniita waziri. «Jibu, madame la ministre!»
Ningesema ni Prof alinipa upande. Ingeisha.
Nikasema: «Maman yangu iko kule. Nataka kumuona bila kuomba ruhusa.»
Prof akasema keti.

Jumanne, 14 Novemba
Nadège amehamia benchi ya mbele. Nimemufwata kwa mapumziko.
«Siko na kasirani,» amesema. «Lakini uniache kwanza.»
Simulaumu. Wala sijutii. Nimelia kwa choo.

Jumapili, 19 Novemba
Nimevuka Ruzizi asubuhi. Maman alikuwa anakaanga sambaza, samaki wale wadogo. Nikamwambia nilisema mbele ya darasa lote.
«Weye? Na haya yako yote?» Akacheka mpaka akapangusa macho. «Na Nadège wako, alisema nini?»
«Alipiga makofi,» nikasema.
Akaniongezea sambaza. Nikala mbio. Barrière inafungwa jioni.