Kigoda cha Baba Ndani ya Kioo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nzito kuliko bahasha hii. Natumaini tangu Mama arudi kutoka kukuuguza umepata nguvu, na shemeji na wapwa zangu ni wazima. Mimi sijambo, ila usingizi unanipiga chenga.

Kwanza jipigie vigelegele kwa kuwa na mdogo mwenye nyota kali. Katika watoto wote wa Mama, ni mimi kitinda mimba niliyepewa kigoda cha marehemu Baba. Mama alinikabidhi kwa mikono miwili. Sasa kimo makumbushoni, ndani ya kabati la kioo, na taa yake juu. Nani mwingine katika ukoo wetu?

Unajua kazi yangu hapa ni kuwatembeza wageni. Mkurugenzi alikuwa anahangaika: chumba cha watawala wa kale kinafunguliwa, na kiti alichoahidiwa hakikufika. Nikamwambia asitie shaka, babu wa babu yetu alikuwa mtawala, na kiti chake tunacho nyumbani. Usicheke, Dada. Darasa langu la saba lilimshinda mwenye digrii mbili.

Ile alama ya kuungua unaikumbuka? Mama aliweka pasi ya mkaa pale akakimbilia kukubembeleza wewe, kichanga, ulipolia. Baba aliikalia miaka yote akisema amepigwa muhuri. Basi mimi huwaambia wageni kuwa ni nembo ya utawala, mfano wa jani. Wanapiga picha mpaka kioo kinachoka.

Juzi nikatoka kupokea kundi langu, kumbe ni kikundi cha ushonaji cha mtaani kwetu, Mama yuko mbele! Mkurugenzi naye akaamua kufuatana nasi. Nikachelewesha msafara kwenye vyungu, nikachelewesha kwenye mikuki, nikaeleza hata kizima-moto. Wapi! Tukafika. Mkurugenzi alikuwa ananitazama, nikasema yale yale: mtawala, nembo, jani. Jirani yake Mama, yule mwenye mdomo kama wangu, akauliza kwa sauti mbona jani lenyewe limefanana na pasi. Wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliweka kiganja kwenye kioo, akakiacha pale. Mkurugenzi akamuuliza kwa upole kama anakijua kiti kile. Moyo ulinidunda nikadhani hata mikuki inausikia. Mama akanitazama mimi, si yeye, akajibu kuwa hajawahi kukiona; watu kama wao wangekijulia wapi kiti cha mtawala.

Mlangoni akaninyooshea kola, akaniambia nimesema vizuri, nimefanana na Baba. Akaenda zake. Tangu hapo hajataja kigoda. Pale kilipokaa, kando ya kitanda chake, hajaweka kitu kingine. Anafagia tu kukizunguka, kana kwamba bado kipo.

Kesho naingia kwa Mkurugenzi kumwambia kile ni kiti cha Baba, fundi viatu, na mjane wake anakitaka. Kazi ikienda, niwekee kona sebuleni kwako. Nala kidogo, muulize shemeji. Wasalimie wote, na dawa usiziache.

Na kule juu nilipokuandikia kuwa Mama alinikabidhi kwa mikono miwili, hakunipa. Alipokuwa kwako, niliingia chumbani mwake nikakiiba. Aliporudi akaniuliza, nikamwambia sijui.

Mdogo wako,
Kasuku