Chokaa ya Stoo

Kaole, 14 Januari 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii, anayokuletea Amiri wa daladala pamoja na samaki wa Shangazi Arafa, itakukuta mguu umeanza kupoa. Mimi mzima, ila viganja vimejaa malengelenge, na sababu yake nakueleza sasa.

Shangazi aliniambia waziwazi kwamba hatakuachia urudi Kaole mpaka pawepo chumba kisicho na kizingiti, karibu na choo, kiti chako cha magurudumu kiweze kuingia. "Akianguka mara ya pili," alisema, "nyonga haitaunga." Chumba cha namna hiyo hatuna. Lakini stoo tunayo. Imepakana na choo, na kidirisha chake kinatazama kisimani. Nimeamua kuigeuza iwe chumba chako, kwa mikono yangu mwenyewe, kila nitokapo kazini. Ramadhani itaingia mwezi wa tatu. Nataka ufuturu kwako.

Naogopa, sikufichi. Mimi kazi yangu ni kupanga majalada na kugonga mihuri. Jana fundi Mrisho alipita akanikuta na mwiko mkononi, akauliza, "Karani, hapo unapiga lipu au unaandika barua?" Hata hivyo rafu zilizoliwa na mchwa nimezitoa zote, kizingiti nimekivunja kwa tindo siku tatu, na kuta nimezipaka chokaa mkono wa kwanza. Mlango nimeupanua hadi sentimita sitini na sita. Kiti chako, kwa vipimo vya Shangazi, kina sitini na nne.

Niombee. Kila ufa ninaouona ukutani nadhani nimeusababisha mimi.

Mjukuu wako,
Ashrafu


Mbezi, 20 Januari 2024

Kwa mume wangu Ashrafu,

Marahaba, marahaba. Huku wananishangaa kwa nini sitaki kuongea na simu. Simu inanivumia sikioni kama nyuki, na herufi nilizojifunza kisomoni nilizitolea jasho, acha nizitumie. Mguu haujapoa. Shangazi yako ananitunza, sina neno naye, lakini nyumba ya vigae ina baridi hata mchana, na jirani wa ukuta wa pili simjui jina. Sitaki kufia hapa. Nimeliandika mara moja, sitaliandika tena.

Mlango wako mwembamba. Umepima magurudumu, hukupima vidole, na vidole vyangu ndivyo vinavyosukuma. Ongeza ngumi moja huku na ngumi moja huku.

Vitu vya stoo vitupe, hata kile kinu kilichopasuka, hata baiskeli ya babu yako, Mungu amrehemu, haikumfikisha popote alipokuwa hai. Debe la buluu la biskuti tu usiliguse. Ndani mna sanda yangu. Marehemu mdogo wangu Ashura alinibebea kutoka Makka, bafta yadi kumi na mbili, akaiosha kwa maji ya zamzam na kuianika mwenyewe. Kila mwezi wa Shaabani naitoa, naipunga upepo, naikunja tena. Mwaka huu nitaikunja nikiwa nimeketi.

Mkeo asiye na meno,
Bibi Sihaba


Kaole, 27 Januari 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi mzima.

Mlango nimeuongeza, sasa una sentimita themanini. Chokaa imekauka vizuri. Debe nimeliona, na kilichomo nimekihifadhi kabatini, kiko salama.

Kazini shughuli zimezidi, ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Mjukuu wako,
Ashrafu


Mbezi, 4 Februari 2024

Ashrafu,

Marahaba. Homa imeniingia tangu Jumatatu na chakula kinanikataa.

Kabati lipi? Kabati la babu yako mchwa walilimaliza mwaka wa mvua za El Nino, wewe hata hujazaliwa. Wewe ni mtu wa kuniandikia kurasa mbili kunieleza kuku ametaga wapi. Barua ya mistari minne si yako.

Amiri atapita kwako Jumatano. Mpe hilo debe, nataka kuiona nguo yangu.

Bibi yako


Kaole, 7 Februari 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nasikia homa, na sijui niulizeje hali yako wakati ninayokwenda kukuandikia yataizidisha. Amiri amesimama uani ananisubiri. Debe ninalo, lakini nguo haimo.

Yalitokea kabla barua yako haijafika. Nilikuwa nimeroweka chokaa kwenye pipa, ikawa na madonge, na Mrisho alinishauri niichuje kwa kitambaa chepesi. Nikafungua debe la buluu. Nikaona bafta nyeupe, safi, imekunjwa vizuri. Ilikuwa na harufu kali, nikadhani umeweka dawa ya mende. Niliing'ata pindoni kwa meno, kisha nikairarua kwa mikono. Vipande viwili nilichujia chokaa. Kingine nilifutia sakafu. Vingine nilivifunga kwenye fimbo nikapakia kona za juu. Zilizobaki ni yadi nne, nazo zilirukiwa na chokaa. Nimezifua kwa sabuni, kwa limau, nikazianika siku tano, lakini chokaa imezitoboa.

Barua yako ilipofika niliisoma nimekaa ndani ya hicho chumba. Nikadanganya kwa sababu niliogopa ukijua hutarudi.

Ile harufu ni karafuu maiti. Sasa najua. Ningeijua zamani, lakini siku ya mazishi ya Babu sikuingia ndani alipokafiniwa, na makaburini nilibaki getini nikilinda viatu vya watu. Mlinisifu kwamba nina adabu. Haikuwa adabu, Bibi, nilikuwa naogopa.

Nimekwenda hadi Mapinga kutafuta bafta kama ile. Nyeupe ipo. Ya kutoka mikononi mwa Bibi Ashura haipo. Umenilea tangu nikiwa na miaka minne, kitu kimoja tu ulinikataza nisikiguse, na katazo lilinikuta nimekwisha kukirarua.

Mjukuu wako,
Ashrafu


Kaole, 26 Februari 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini upo. Sijui niandike vipi salamu nyingine.

Amiri amerudi mara tatu mikono mitupu. Nikimuuliza anasema, "Nilimpa shangazi yako, akapokea, basi." Nilipompigia Shangazi akajibu, "Mama amelala," akakata. Juzi kazini niligonga muhuri wa tarehe ya kesho kwenye barua kumi na moja.

Chumba kimekwisha. Kitanda nimekikata miguu ili kilingane na kiti chako. Nje ya mlango nimemwaga zege la mteremko, Mrisho kapanda na kushuka mara mbili, akasema, "Haya, karani, mara hii umeandika vizuri." Sikuweza hata kucheka. Siingii humo. Nikiziona zile kuta naona nilichofanya. Nafikiria kuikwangua chokaa yote nipake rangi ya dukani, usiikute.

Niandikie hata neno moja. Hata likiwa la kunifukuza nitalipokea, mradi liwe kwa mwandiko wako.

Ashrafu wako


Mbezi, 5 Machi 2024

Mume wangu Ashrafu,

Marahaba, ingawa safari hii nimechelewa kuitikia. Siku tisa nilikuwa na hasira, zilizobaki nilikuwa na homa. Mwandiko huu ndio ule ule.

Hasira yangu ilikuwa ya kabati. Kwa ajili ya kitambaa nililia tu, na hilo ni jambo jingine, Ashura nilikuwa naye mmoja. Sheria haidai zamzam. Ni mimi niliyeitaka.

Usikwangue ukuta. Kama maji ya Ashura yamo ndani ya chokaa hiyo, basi yamo, na mimi nitalala humo nikiwa hai kabla ya kulala kule kaburini. Wangapi wamepewa hivyo?

Sanda nyingine utainunua wewe. Yadi kumi na mbili, uzipime mwenyewe, usimwachie mwenye duka. Iweke debeni pamoja na karafuu maiti, uwe unafungua na kuinusa kila siku mpaka uizoee.

Daktari alizungumza na shangazi yako nje ya mlango. Simu siisikii, lakini milango naisikia. Baada ya hapo Arafa hakubisha tena. Tunakuja Jumamosi.

Baba yako mkubwa Rajabu mgongo haumruhusu kuinama, kwa hiyo siku yangu ikifika, wa kushuka kaburini kunipokea ni wewe. Nimekwisha kuwaambia wote. Viatu atalinda mwingine.

Mkeo,
Bibi Sihaba