Diski Yangu, Sauti Zetu

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umerudi mchana. Nikarudi chumba cha kwaya, nyuma ya kanisa hapa Rwamishenye, kuendelea kuhamisha nyimbo zetu kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye kompyuta. Mashine imezeeka. Umeme ukikatika inazimika na kuamka kwa shida. Kaseti zenyewe zimeoza, nyingi zinakatika utepe zikishachezwa mara moja. Mashine ikifa, miaka yote ya kwaya imekwenda. Niliiomba kamati diski ya nje, ile ndogo ya kubeba. Wakasema tusubiri. Sikusubiri. Nimeuza kahawa yangu, dada akanitumia moja kutoka Mwanza kwa meli. Leo nimeichomeka. Inanakili polepole. Nimekaa nikiilinda kama mtu aliyebandika maziwa jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema. Baada ya mazoezi, kabla ya sala. Nimesimama nikawaambia wote kwamba nimepima na nina virusi vya Ukimwi. Nimechoka kuzika watu wanaosemwa wamekufa kwa malaria. Sostenes, besi wetu, tulimzika hivyohivyo. Mpaka leo dada yake Oliva, rafiki yangu, hajautaja ugonjwa uliomuua.
Mwenyekiti wetu, Deogratias, akafupisha sala. Chai ilipoisha, vikombe vyote vilikusanywa isipokuwa changu. Nikakiosha mwenyewe.
Sijuti.

Jumapili, 9 Machi
Nimewekwa safu ya nyuma. Kipande changu, kile ninachoimba peke yangu, amepewa Oliva. Hakunitazama. Nina hasira. Nimeimba kwa nguvu kuliko siku zote.

Jumatano, 12 Machi
Deogratias amekuja chumba cha kwaya. Kasimama mlangoni, hakukaa.
"Kaseti ya Pasaka tutairekodi upya," akasema. "Hizo nyimbo za zamani zifute zote, tupate nafasi."
"Humo yumo Sostenes. Yumo marehemu Mama Leokadia. Hawana sauti mahali pengine."
"Dada Paskazia, watu hawatainunua wakisikia ni wewe unaimba. Na hao wengine, kila mtu anajua walikufa kwa ugonjwa gani."
"Sifuti."
"Basi atafuta mwingine. Acha ufunguo."
Nikauweka mezani. Kunakili nilimaliza jana. Diski ilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kanga, na yeye hana habari. Nimetembea kwa kasi mpaka nyumbani. Si kwa woga.

Ijumaa, 14 Machi
Wamefuta. Wameleta fundi kutoka mjini, kasafisha kompyuta yote.
Ningeweza kunyamaza. Nilikwenda mazoezini nikasema mbele ya wote kwamba nyimbo ninazo. Deogratias akadai ni mali ya kwaya, nizirudishe. Nikamjibu: diski ni kahawa yangu. Nyimbo ni zetu sote. Anayetaka kuzisikia au kuzinakili aje, namkaribisha. Anayetaka kuzifuta asije.
Akasema nisikanyage tena mazoezini mpaka nitakapoitoa.
Nikaondoka. Oliva alikuwa anatazama sakafu.

Jumapili, 16 Machi
Nimekuja Kishanda, kijijini kwa Mama. Nimemweleza yote. Hali yangu aliijua tangu mwanzo, alikuwa wa kwanza kuambiwa. Tumekula matoke na maharage sahani moja, kama kawaida yetu.
Ameigeuza ile diski mkononi, akauliza watu wote wale wanaenea vipi humo. Kisha akashauri tuifukie kwenye kibanja, migombani. Wakati wa vita alifukia cherehani yake hapo, na askari hakuna aliyeiona. Nikamwambia hii inaogopa maji.
"Cherehani nayo iliogopa, mwana wange. Nilipaka mafuta."
Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Ni mara ya kwanza mwezi huu. Tumeiweka sandukuni, katikati ya vitenge vyake.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka
Nimekwenda Rwamishenye. Kanisa ni la Mungu, si la kamati. Nimekaa benchi la mbele, karibu na kwaya.
Oliva alikianza vizuri kile kipande changu. Alipofika pale besi ya kaka yake ilipokuwa ikiingia chini yake, sauti ikamkatika. Kinanda kikaendelea peke yake. Watu wakaanza kugeuka.
Nikasimama pale benchini nikaendeleza. Sikufikiri. Deogratias akanipungia mkono nikae. Sikukaa. Nimeimba mpaka mwisho, na katikati Oliva akaingia tena, tukamaliza pamoja.
Baada ya misa hakuna aliyenisalimia, ila bibi mmoja nisiyemjua. Amenishika mikono yote miwili.

Jumamosi, 26 Aprili
Nilikuwa Kishanda, kwenye kibanja na Mama, tunapunguza majani ya migomba. Oliva akatokea. Ametembea kutoka barabarani na kilo ya sukari. Akamsalimia Mama kwa kupiga magoti. Kisha akaniuliza, "Kaka bado unaye?"
Tukaitoa diski sandukuni, tukapanda gari mpaka Muleba mjini, kwa mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua. Ametuachia kompyuta yake. Nikachomeka diski, nikafungua wimbo. Sostenes anakohoa kwanza, kisha anaanza. Nilitaka kuruka kile kikohozi. Oliva akanishika mkono.
"Kiache. Rudisha mwanzo."
Tukarudia. Mwenye duka akaacha kuchapa.
"Alikuwa na Ukimwi," Oliva akasema. Hakuna aliyemuuliza.
Mwenye duka akakubali tubakize nakala kwenye mashine yake. Ikachukua muda mrefu. Nje mvua ikaanza na kuacha. Tulikaa, viti vimegusana, tukingoja imalize kunakili.