Shamba la Sigino Usiliguse Kwanza

Jovin,

Mama Coletha wa jirani aliwahi kuniuliza, "Mama Jovin, mtoto anayesoma kitabu mpaka chakula kinapoa, humwogopi?" Nilimcheka. Leo naogopa.

Makande yako jikoni, yapashe. Ndama hajanywa maji.

~~Kitabu chako cha uwekezaji nimekichoma.~~ Kiko kabatini, kando ya Biblia. Nilishindwa kukichoma, maana kina mambo ya kweli, kama kuweka akiba kabla ya kutumia. Jioni, Mungu akipenda tukiwa bado na shamba, unisomee tena hapo pa akiba.

Lakini mnunuzi wa shamba letu la Sigino anakuja leo mchana. Nimekwenda kumwita baba yako mdogo Herieli. Nakuomba mwanangu, usikubaliane na mtu kabla hatujafika.

Asubuhi ulisema kitabu kinafundisha kuuza mali isiyoingiza kitu. Nikakuuliza, "Na kaburi la baba yako, lililo katikati ya mahindi, huyo mnunuzi atalifanyaje?" Ukaweka kikombe chini, chai haijaisha, ukatoka.

Mama yako